Ndama Aliyevaa Ngozi ya Mwenzake

Ilianza Jumapili, saa mbili na dakika kumi asubuhi, pale Mjomba Masanja alipomaliza kumchuna ndama aliyekufa, akaikung'uta ile ngozi kama mtu anavyokung'uta shati kabla ya kulivaa, kisha akaniambia, "Wewe wa Mpanda, njoo umshike huyu." Saa naijua kwa sababu mkononi nilikuwa na saa ya Baba. Alinivulia siku tunaondoka nyumbani Shanwe, pale Mpanda, akatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari ili unitoshe, lengo lake nisilie. Kwa hiyo likizo ile yote ninayo kwa saa na dakika. Tarehe sina hata moja.

"Huyu" alikuwa ndama mwingine, jike, mzima, mwenye magoti makubwa kuliko miguu yake. Mama yake alikuwa ameumwa na nyoka siku chache kabla, akafa, na yeye alikuwa ananyweshwa maziwa kwa chupa ya soda, anayakohoa kuliko anavyoyameza. Nikamshika shingo. Mjomba akamvika ile ngozi mbichi mgongoni, upande wa damu ukiwa ndani, akapitisha miguu yake minne kwenye matundu ya miguu ya mwenzake, akaifunga chini ya tumbo kwa kamba ya katani. Mkia ukalala juu ya mkia. Nilitaka kucheka, ndama mmoja ana mikia miwili, ila pale zizini hakuna aliyekuwa anacheka.

Wiki iliyopita nilitumwa Magamba, nikapita nyuma ya bucha moja ambapo mzee fulani alikuwa anapaka chumvi ngozi mbichi zilizotandazwa chini. Ile harufu iliponiingia nikasimama na mfuko wangu wa nyanya kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Sasa niko kidato cha tatu. Nyie mnaonijua shuleni mnasema mimi mkimya, basi mngeniona nikiwa darasa la nne. Nilikuwa mtoto wa kujaribu, siyo wa kuuliza. Nikitaka kujua kama chai ni ya moto sikuuliza, niliingiza kidole. Kuuliza kunataka umwangalie mtu usoni, na mimi nyuso za watu nilikuwa naziangalia wakiwa wamelala.

Tulifika kule Alhamisi, mimi na Mamdogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la kwanza, na Baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, akakaa, akakaa, halafu akamuoa Minza. Ni Msukuma, mrefu, anatembea kama kuna kitu anakiwahi. Nilimwita Mamdogo kwa sababu Baba alisema nimwite hivyo. Mwaka mzima tuliishi kwa adabu kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Umekula? Nimekula, Mamdogo. Umeoga? Nimeoga. Shule zilipofungwa mwezi wa sita akasema anakwenda kuwaona kwao, Baba akasema, "Nenda na Editha." Hakuna aliyeniuliza, na sikusema hapana.

Kwao ni mbele ya Sibwesa, ndani kabisa milimani. Lori la mahindi lilituacha njiani, tukapanda kilima kwa miguu mpaka nikahisi masikio yanaziba, kisha tukafika ukingoni na bonde likafunguka chini yetu. Nilidhani ardhi inatembea. Kulikuwa na mabaka ya kahawia yanasogea taratibu kwenye majani, yanaungana, yanaachana, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni ng'ombe, kwamba naona migongo ya ng'ombe kwa juu kama ndege anavyowaona. Ng'ambo, mlimani, kulikuwa na mstari mweupe umening'inia. Nikajua ni moshi. Yalikuwa maporomoko ya maji. Na chini ya ule moshi wangu kulikuwa na vitu vya rangi, chungwa na bluu, nikadhani ni miavuli ya wauza nguo mnadani. Yalikuwa mahema ya wageni. Yaani siku ya kwanza macho yangu hayakupatia kitu hata kimoja.

Tulipoanza kushuka, mwanamke aliyekuwa analima akasimama, akapaza salamu ya Kisukuma, "Mama Limi, mwadila." Niligeuka nyuma nimwone huyo Mama Limi. Nyuma hakukuwa na mtu. Mamdogo ndiye aliyeitikia, tena kabla yule mwanamke hajamaliza. Shanwe majirani wanamwita Mama Editha, na kila mara anachelewa kidogo kuitika, kama anayekumbuka kwanza kuwa ni yeye. Sikuuliza Limi ni nani. Niliweka swali mfukoni pamoja na mengine.

Jioni ile baridi ilishuka kutoka mlimani kama maji. Nilitetemeka mpaka bakuli la maziwa mgando likagonga meno. Bibi, mama yake Mamdogo, akaingia ndani, akafungua sanduku la bati, akatoka na sweta la kijani. Hakunipa mimi. Alimpa Mamdogo, na Mamdogo akalishika muda mrefu kuliko watu wanavyoshika sweta. Kisha akanivisha. Mikono ilifika pale pale kwenye kifundo. Kola ilikaa. Bibi akasema, "Limemwenea," halafu akageuka akawa anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Aliyenieleza ni Kabula, binti wa Mjomba Masanja, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja na anaongea kwa niaba ya watu kumi. Tulilala kitanda kimoja, juu ya ngozi ya ng'ombe, na hata taa haijazimwa alikuwa ameshasema. "Hilo la Limi. Alikuwa mtoto wa shangazi kabla hajaenda kuolewa huko kwenu. Alikufa kwa homa. Alikuwa anateleza kuliko sisi wote."

"Anateleza nini?"

"We kesho utaona. Mtoto wa mjini wewe, utalia."

Sikulia. Niliona Ijumaa saa tatu asubuhi. Nyuma ya nyumba kuna mteremko mrefu wa majani yaliyokauka, na watoto wa bondeni wanakalia ngozi kavu, ngumu kama bati, nywele zikiwa chini, wanashika miguu ya mbele ya ile ngozi kama usukani na kujiachia. Upepo unakuingia mdomoni. Chini kuna tope la kisima cha ng'ombe, na mchezo wenyewe ni kugeuka kabla ya tope. Mara ya kwanza sikugeuka. Kabula alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi, mtoto wako anakunywa maji na ng'ombe," alipiga kelele kuelekea nyumbani. Mara ya nne niligeuka. Jumamosi Mjomba alituchukua tukamfuata akiwapeleka wageni wa mahema kwenye maporomoko. Kazi yake wikiendi ni hiyo, kuwaonyesha watu wa mjini njia, na wao wanamlipa kupanda mlima ambao yeye anaupanda bure kila siku akitafuta ng'ombe. Wageni waliogelea. Sisi tulikaa juu ya mwamba, Kabula akiwacheka wanavyotembea na fimbo mbili mbili kama wagonjwa. Nilikuwa na furaha, naomba niseme ukweli, furaha kubwa, na nilikuwa nimevaa sweta la kijani.

Sasa turudi Jumapili. Yule ndama aliyechunwa alizaliwa Ijumaa, wa ng'ombe mwekundu anayeitwa Kidoti kwa sababu ya doa jeupe kwenye paji la uso. Hakuweza kusimama, na alfajiri ya Jumapili akafa. Kidoti alikuwa na maziwa mpaka kiwele kinang'aa, ila hakuruhusu mkono wa mtu. Ng'ombe hatoi maziwa kwa bahati mbaya, Mjomba alinieleza, anaamua. Basi pale kulikuwa na mama mwenye maziwa bila mtoto, na mtoto bila mama, na kati yao ngozi moja mbichi.

Mjomba alimsukuma ndama mwenye mikia miwili mpaka kwa Kidoti. Kidoti akashusha kichwa. Akanusa mgongo, polepole, akashuka mpaka chini ya mkia, akatoa sauti ya chini ambayo sikujua ng'ombe wanayo, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango uliofungwa. Akaanza kulamba. Ndama akaenda moja kwa moja kwenye chuchu na mkia wake wa ndani ukaanza kutikisika, ukitikisa na ule wa juu.

Hapo nikauliza. Nadhani lilikuwa swali langu la kwanza bondeni kwa mtu mzima. "Mjomba, hajui?"

"Anajua harufu. Ng'ombe macho yake yako puani."

"Ataivaa mpaka lini?"

"Siku nne, tano. Maziwa ya Kidoti yakipita tumboni mwake, huku nyuma atanuka Kidoti. Kidoti akinusa anajikuta yeye mwenyewe. Hapo ngozi unatoa, hana habari tena."

Mjomba akaondoka kunawa. Mimi nikabaki naangalia. Kisha nikaangalia mkono wangu. Kijani, mpaka pale pale kwenye kifundo.

Mtoto anaweza kufikiri kitu kibaya kwa utulivu sana. Sikulia wala sikuogopa. Nilipanga tu vitu mstari mmoja, kama kwenye hesabu. Mamdogo alikuwa na mtoto, mtoto akafa. Mimi nilikuwa na mama, mama akafa. Wamenileta hapa. Jioni ya kwanza wamenivika nguo ya marehemu, na Bibi hakuweza kuangalia. Na Mamdogo, ambaye Shanwe alikuwa ananiongelesha kama mpangaji, hapa ananiita "we mtoto njoo", ananimenyea kiazi, ananifunga kitambaa kichwani. Jioni hiyo hiyo ya Jumapili, akinifunga kile kitambaa, akainama akaweka pua begani kwangu, akanusa. Nilimsikia. Alivuta pumzi mara mbili.

Basi nikajua. Kilichobaki kujua ni kimoja. Shanwe ni joto, sweta halivaliki. Likivuliwa, itakuwaje?

Ningeweza kumwuliza. Nyie mngemwuliza. Mimi niliamua kujaribu kwa ndama kwanza.

Jumatatu Mjomba alikwenda na wageni wake wa mwisho juu mlimani. Mamdogo alikuwa mtoni, Bibi alikuwa mashineni kusaga. Kabula aliachiwa kazi moja: Kidoti ale majani karibu, mchana amrudishe anyonyeshe. Saa sita na dakika ishirini niliingia kwenye kibanda cha ndama. Ngozi ilikuwa imeanza kunuka na inzi walikuwa wamejaa. Nilijiambia pia namsaidia. Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Ndama alipotoka ndani ya ile ngozi alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na nywele zake zimelowa na kulala. Ngozi nikaining'iniza kwenye mti wa ua, nikawaza, nikishaona majibu nitamvika tena.

Kabula akaja na Kidoti saa saba kasoro. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala. Kidoti aliingia akiita. Ndama akamkimbilia. Kidoti akashusha kichwa, akanusa mgongo, akasimama. Akanusa tena. Halafu akampiga kichwa, siyo kwa hasira, kwa namna ya mtu anayeondoa kiti kilichokaa njiani, na ndama akaruka mpaka kwenye miiba ya ua. Akainuka, akarudi. Safari hii ilikuwa teke. Kabula akapiga kelele, akaingia kumvuta. Na mimi nikageuka kuchukua ngozi, nikakuta mti mtupu. Mbwa wawili walikuwa wanaivuta huku na huku mteremkoni, kila mmoja na upande wake, na kabla sijafika ilikuwa vipande.

Mjomba alirudi saa tisa. Alimwangalia ndama, akaangalia kamba ya katani chini, akasema, "Kabula." Hakupaza sauti. Kabula akasema siyo yeye, alimkuta hivyo. "Umeachiwa kazi moja," Mjomba akasema, "moja tu," na akampiga kofi. Nilikuwa nimesimama hatua tano. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya lile fundo. Sikusema kitu. Naandika hivi sasa, miaka sita baadaye, na bado naona aibu ya zile hatua tano kuliko ya ndama.

Mamdogo nilimkuta nyuma ya nyumba, anakata viazi vya kuanika michembe na kuvitandaza juu ya jiwe. Nikavua sweta, nikalikunja, nikaliweka kwenye mapaja yake.

"Ndama nimemfungua mimi. Siyo Kabula."

Akaniangalia, akaangalia sweta. "Na hili?"

"Nakurudishia."

"Umesikia joto?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Ili unione bila ngozi."

Kisu kikasimama. "Ngozi ya nani?"

"Ya Limi."

Nilikuwa sijawahi kulitamka jina lile mbele yake. Mimi nikaangalia viazi. Kisha akaliinua lile sweta, akaninyooshea usoni. "Nusa."

Nikanusa. Lilikuwa linanuka vile vidonge vyeupe wanavyoweka kwenye nguo kuzuia wadudu, na kwa mbali panya.

"Limi yuko wapi hapo?"

"Sijui."

"Hayupo. Limi alilichukia hili. Bibi yako alimnunulia mnadani, akalivaa mara mbili, anasema linamwasha kama upupu. Mara ya pili alilivua akalitupa kwenye maji ya ng'ombe, nikamchapa." Akaanza kucheka, na kicheko kikaenda mahali pengine, akajifuta kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Nilikuvika kwa sababu ulikuwa unatetemeka, Editha. Basi."

"Lakini ulininusa. Jana."

"Nanusa kama ile dawa imeisha. Bibi aliniambia ukilala nayo utaumwa kichwa."

Nilihisi uso unawaka. Hesabu yangu yote, mstari kwa mstari, ilikuwa imekosewa pale mwanzo kabisa. Ila kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuuliza, na niliona kwamba mtu akiulizwa haanguki, nikauliza na lile lingine. "Kwa hiyo mimi unanipenda?"

Alichelewa. Alichelewa kama anavyochelewa wakimwita Mama Editha.

"Sitakudanganya," akasema. "Nilipokuja kwenu nilikuwa naangalia geti. Miezi na miezi naangalia geti, nawaza siku nitakayotoka. Siku hizi jioni naangalia mlangoni kama viatu vyako vimeingia. Visipoingia siwezi kukaa. Sasa hilo sijui nyie huko shule mnaliitaje."

Nilimsogezea viazi.

"Kidoti tunamharakisha kwa sababu maziwa yanakauka," akaendelea, akichukua kiazi kingine. "Sisi anatuharakisha nani? Vaa sweta lako, baridi inakuja. Na kwa Kabula utakwenda mwenyewe, na kwa Mjomba utakwenda mwenyewe. Hilo sikubebei."

"Na ndama?"

Hapo ndipo aliacha viazi kabisa. "Ndama ndiye mwenye haraka. Hajanyonya tangu asubuhi."

Walijaribu jioni. Mjomba alimfunga Kidoti kwenye nguzo, akampaka ndama chumvi ili ng'ombe avutiwe kumlamba, Mamdogo akashika kichwa cha ng'ombe akimwimbia taratibu kwa Kisukuma. Kidoti alivumilia mpaka ndama alipogusa chuchu, halafu akarusha mguu, kibuyu cha chumvi kikaenda kule, Mjomba akaenda huku. Ndama hakurudi kujaribu tena. Alijilaza. Mjomba akakaa chini akishika goti lake, akasema, "Kesho asubuhi mara moja ya mwisho. Asipomkubali, maziwa yatarudi juu, yakauke. Na huyu kwa chupa hafiki Ijumaa." Nilikuwa nimeegemea ua. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga, "Mjomba, ni mimi," maneno matatu tu, na yakagoma kutoka. Kabula alipita na ndoo bila kuniangalia.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla hakujapambazuka vizuri. Kabula alikuwa macho, anaangalia dari ya nyasi.

"Kabula, ngozi niliifungua mimi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Mbwa wetu hawajui kufungua fundo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nione utakaa nalo mpaka lini." Akageuka. "Na kofi langu?"

"Nipige."

Akanipiga moja mgongoni, la haki, siyo la mchezo, kisha akasema, "Haya, amka twende."

Mjomba alikuwa tayari zizini anafunga miguu ya nyuma ya Kidoti. Nilimsogelea mpaka nikamwona usoni, maana nilikuwa nimejiapiza nimwangalie usoni. "Shikamoo, Mjomba. Ndama nilimfungua mimi. Kabula hana kosa."

Hakuitikia shikamoo mara moja. Alikaza fundo. "Ulikuwa unatafuta nini?"

Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza hivyo. "Nilitaka kujua kama atamjua bila ngozi."

"Na umejua?"

"Hapana. Nilimvua mapema mno."

"Marahaba," akasema. Akamwangalia Kabula, akamwekea mkono kichwani, akauondoa. Kisha akaniwekea chumvi kwenye kiganja, akakamua kwa nguvu matone machache ya maziwa ya Kidoti mwenyewe juu yake. "Mpake. Mgongo, shingo, na huko chini ya mkia. Usione kinyaa. Halafu ukae naye hapo hapo, usimwache aanguke."

Nikapaka. Ndama alikuwa mwepesi kama kikapu, mbavu zake nazihesabu kwa vidole. Nikamwinua, nikampeleka mbele ya Kidoti, nikazungusha mkono wangu mgongoni mwake kumshikilia. Mamdogo alikuja akasimama upande wa pili wa kamba.  Mkono wangu ulikuwa wazi mpaka kwenye kiwiko, umejaa chumvi na maziwa.

Kidoti akashusha kichwa. Pua yake ilikuwa baridi. Alinusa shingo ya ndama, akanusa kidole changu, akarudi mgongoni, akashuka mpaka chini ya mkia, akakaa hapo muda mrefu, anavuta pumzi. Mguu ulitikisika ndani ya kamba. Mjomba akasema polepole, "Usisogee."

Halafu ulimi ukatoka. Ulianzia begani mwa ndama, ukapita juu ya mkono wangu, wa kukwaruza kama msasa wa Baba, ukaendelea mpaka kiunoni mwake. Ukarudi. Bega, mkono, mgongo. Bega, mkono, mgongo. Hakutenganisha. Ndama akatikisika, akanyoosha shingo, akatafuta, akakosa, akapata. Nilisikia maziwa yakishuka kooni mwake kabla sijaona mkia wake, ule mmoja, unaanza kucheza.

"Anaweza kubadili mawazo," Mjomba akasema. "Kaa hapo hapo."

Nilikaa. Mkono ulianza kuwa mwekundu, kisha ukaanza kuwaka, na Mamdogo akaniuliza kama apokee yeye. Nikamwambia hapana, na nikamwachia Kidoti aendelee.